Usimfukuze kuku anayetaka kulalia: kutotolesha kwa mpigo na kumkabidhi mama mmoja vifaranga wote

MfugajiManyoni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya siku mbili tatu anatokea mtu humu kuuliza, "Kuku wangu kagoma kutoka kiotani, nimfanyeje?" Majibu ni yale yale: mmwagie maji, mfunge kamba mguuni, mpitishie unyoya puani. Sikatai, yapo mazingira ya kumkatisha kuku asilalie na nitayagusa. Ila kwa anayefuga kienyeji na anataka vifaranga, kuku aliyevimba kiotani ni wa kushukuru. Kinachotupotezea muda si kulalia, ni kulea.

Angalia hesabu. Tetea wa kienyeji anataga mayai 12 hadi 15 hivi, analalia siku 21, halafu anazunguka na vifaranga miezi miwili hadi mitatu. Ukimwacha afuate ratiba yake, mwaka mzima unapata mizunguko kama mitatu na mayai 36 hadi 45. Zile siku 21 huwezi kuzipunguza hata ukiomba. Miezi ya kulea ndiyo inapunguzika: kuku watatu au wanne wakitotoa siku moja, vifaranga wote wanapewa mama mmoja au wawili, waliobaki wanarudi kutaga.

Ili watotoe siku moja lazima waanze siku moja, na kuku hawaitishi kikao. Kwa hiyo unawasubirisha. Anayeanza kulalia mapema mwekee mayai mawili matatu yaliyochemshwa, akae nayo. Anaweza kukaa nayo wiki nzima akiwangoja wenzake, mradi anatoka kula na kunywa. Katika siku hizo wewe unakusanya mayai ya mbegu kila jioni, unaandika tarehe kwa penseli, unayapanga ncha nyembamba chini kwenye bakuli la pumba, mahali penye ubaridi na kivuli. Usiyaoshe, ganda lina utando wake wa kuzuia vijidudu. Usiyaweke kwenye friji. Yai la siku 7 ni zuri sana, la siku 10 bado linafaa, likivuka siku 14 usilipoteze nafasi chini ya kuku, kaanga ule.

Kumtambua aliyekolea kweli: analala kiotani usiku badala ya kupanda kichanjani na wenzake, ukipeleka mkono anavimba na kukoroma, manyoya ya kifuani yanapukutika ngozi inabaki wazi, na akitoka anadondosha kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu ya kumkimbiza mtu. Anayekaa mchana halafu jioni anapanda kichanjani, huyo bado anajaribu tu. Usimpe mayai ya maana.

Viota viwe mbali na wanaotaga. Hili watu wanalidharau. Kuku anayetaga akiona kiota chenye mayai, anaingia na kuongeza la kwake, na aliyekuwa analalia akirudi kutoka kula anakuta mwenzake kakaa, basi anahamia kiota cha jirani. Baada ya wiki una mayai ya tarehe nane tofauti chini ya kuku mmoja. Chumba cha giza kidogo, kila mmoja na boksi lake au kapu lake, mchanga chini, nyasi kavu juu, na alama ya mkaa kwenye kila yai ulilomwekea. Yai lisilo na alama unalitoa siku hiyo hiyo.

Idadi: mayai 10 hadi 13 kwa kuku wa kawaida, kuku mdogo 9. Kipimo ni kwamba akishakaa, hakuna yai linalochungulia nje ya manyoya. Mayai halisi wanawekewa wote jioni moja, giza likishaingia.

Siku ya 7 unamulika. Tochi ya simu inatosha, toboa tundu kwenye kipande cha boksi, ziba taa za chumba. Lenye uhai lina doa jeusi lililozungukwa na mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lililo jeupe tupu halina mbegu. Lenye mduara mwekundu usio na matawi lilikufa. Ukishatoa yote yasiyofaa kwenye viota vinne, mara nyingi yaliyobaki yanaenea kwa kuku watatu, na yule wa nne unampa mayai mapya au unamwachia arudi kutaga.

Siku ya 20 na 21 usifungue fungue. Vifaranga wanaanza kulia wakiwa ndani ya yai na mama anawajibu kwa sauti ya chini, ukitega sikio utasikia. Toka ganda linapopasuka mpaka kifaranga kutoka inaweza kwenda siku nzima. Msimsaidie, anavuta kiini cha yai tumboni na mishipa bado ina damu. Kiini hicho ndicho kinachomweka hai hata saa 72 bila kula, ndiyo maana hakuna haraka ya kuwatoa chini ya mama.

Usiku unaofuata ndipo unawachagulia vifaranga mama. Si lazima awe mkubwa kuliko wote, awe mtulivu na aliyewahi kulea. Kuku mmoja analea vifaranga 20 hadi 25 wakati wa joto, wakati wa baridi punguza, maana siku zinavyokwenda hawamwenei tena chini ya mbawa.

Waliobaki, wahamishie mbali kiasi cha kutosikia vifaranga wanalia. Wakisikia hawatulii. Mwenye afya anaweza kupewa mayai mapya alalie mara ya pili mfululizo. Mara ya tatu ni kumuua, anakonda hadi kidari kinachoma mkono. Wengine warudishwe kutaga: kizimba chenye sakafu ya fito au wavu ili hewa ipite chini ya tumbo, mwanga, chakula na maji muda wote, na jogoo awe karibu. Siku tatu au nne anasahau kulalia, halafu mpe wiki mbili au zaidi uone yai. Haya ya kumtumbukiza kwenye ndoo na unyoya puani ni kumtesa tu.

Karibuni kwa maswali.

Pora_Jekundu

Nimeweka mkeka hapa, sibanduki.

BintiPongwe

Kaka asante kwa uzi. Mimi nipo Tanga. Nilinunua vifaranga chotara wa siku moja dukani, nikamwekea kuku wangu aliyekuwa analalia. Niliwaweka asubuhi. Kufika saa nne kashaua wawili kwa kuwadonoa kichwani, wengine wamejikunyata kwenye kona. Nimewatoa nimewaweka kwenye boksi na taa. Shida ni kuku au ni mimi? Anafaa kweli huyu?

MfugajiManyoni

Pole dada. Kabla hatujamhukumu kuku, nijibu mawili. Alikuwa amelalia kwa siku ngapi? Na yeye ana rangi gani, vifaranga wana rangi gani?

BintiPongwe

Siku nne hivi. Yeye mweusi, vifaranga mchanganyiko, wengi njano.

MfugajiManyoni

Basi kuku hana kosa. Siku nne ni mapema mno. Kukaa juu ya mayai ndiko kunakomwandaa awe mama, homoni inajengeka siku kwa siku. Kuku aliyekaa wiki mbili au tatu anapokea vifaranga kirahisi, hata kama siku 21 hazijatimia. Wa siku nne akisikia kitu kinatembea chini yake anaona adui wa mayai.

La pili ni mwanga. Asubuhi anawaona, na ameona kwamba hawakutoka kwake. Usiku kuku haoni kitu, anatumia kugusa na kusikia. Fanya hivi: subiri saa mbili au tatu usiku, usiwashe taa, mtu mmoja ashike tochi iliyozibwa kwa kidole ili mwanga ubaki mwekundu hafifu. Kifaranga awe kiganjani, kiganja kimemfunika, mgongo wa mkono wako ndio unaoelekea mdomo wa kuku. Akidonoa anakudonoa wewe. Ingiza mkono kwa nyuma, chini ya bawa, mwache kifaranga pale penye ngozi wazi ya kifuani, toka na yai moja. Ngoja kidogo. Utamsikia kuku anabadili sauti, kutoka ule mkoromo wa ukali kwenda kwenye "kwo, kwo" ya chini chini. Hapo ndipo unaleta wa pili. Ukisikia mkoromo umerudi, simama, mpe dakika chache. Mayai yote yatoke usiku huo, kasoro moja au mawili ya kuchemsha.

Alfajiri uwe umeamka kabla yake. Saa ya kwanza ya mwanga ndiyo inayoamua. Akiwaita na kuwafunika, umemaliza. Akimchagua mmoja na kumpiga, mtoe huyo tu.

Na umri: vifaranga wawe wa siku moja hadi mbili, wakizidi sana siku tatu au nne shida inahamia kwao. Wanakuwa wameshazoea taa, mama akiwaita hawaji, na asipoona mtu anakuja anawaacha.

Baba_Wawili

Karne hii bado watu wanabembeleza kuku usiku na tochi? Mashine ya kutotolesha ya mayai 60 si ghali hivyo. Unaweka, unasahau, siku ya 21 unafungua.

MfugajiManyoni

Mkuu, "unaweka unasahau" ni kwa mwenye umeme usiokatika. Huku kwetu ukikatika usiku wa siku ya 18 unaamka na viza sitini. Hata hivyo sipingi mashine. Wanaofanya vizuri wanatumia vyote viwili: mayai yanaingia kwenye mashine siku ile ile kuku anapowekewa ya kwake, na wakitotoa, wa mashine wanapelekwa usiku chini ya mama pamoja na wa kwake. Umekwepa bruda, yaani banda la kuwapa vifaranga joto. Vifaranga wiki ya kwanza wanataka nyuzi joto 32 hadi 35, piga hesabu ya mkaa au umeme wa kulishikilia joto hilo usiku na mchana. Kuku analishikilia bure, na anawafundisha kuchakura na kukimbia mwewe, kitu ambacho taa haifundishi.

Baba_Wawili

Hapo kwenye bruda umenikamata. Mkaa umenikausha mfuko mwaka huu.

Shamba_Kilifi

Hamjambo nyote. Huku kwetu Kilifi kuku twawawekea sana mayai ya kanga, kwa sababu kanga mwenyewe ni mama mbaya, apitisha watoto kwenye umande asubuhi mpaka wafe kwa baridi. Kuku akilea, kanga wakua wapole na warudi bandani jioni. Lakini mjue siku si 21. Kanga ni 26 hadi 28. Bata wa kawaida 28, bata mzinga 28 pia, na yule bata mwenye uso mwekundu wa vinundu huenda hata 35.

Makosa niyaonayo ni mtu kuchanganya mayai ya kuku na ya kanga siku moja. Vifaranga wa kuku wakitoka, mama akaa nao siku moja mbili kisha ashuka nao, kanga waachwa na baridi wakiwa wamebakisha siku chache. Ukitaka kuchanganya na bata wa kawaida, mayai ya bata yatangulie siku saba. Afadhali zaidi, kuku huyu kanga, kuku yule bata.

Kanga akishatotolewa ashtuka upesi kuliko kifaranga cha kuku. Wazungushie ukingo wa makuti au mbao siku za mwanzo wasipotee na sauti ya mama.

Pora_Jekundu

@Shamba_Kilifi na wa bata wakiona dimbwi? Kuku si atapata presha?

Shamba_Kilifi

Hupiga kelele akizunguka ukingoni mpaka watoke 😂 Awazoea. Lakini usiwaachie maji ya kina mapema. Bata aliyelelewa na bata hupakwa mafuta ya manyoya na mamake, wa kuku hana, hulowa na kuzizima.

AfisaUgani_Mstaafu

Uzi mzuri. Naongeza upande wa afya, maana hapa ndipo vifaranga wanapoishia.

Kwanza utitiri na chawa. Kuku anayelalia hajioshi vumbi kama kawaida, anakaa sehemu moja yenye joto, wadudu wanamjaa. Ukiona anahama hama kiotani au ameyaacha mayai bila sababu, geuza nyasi uangalie usiku kwa tochi, utaona nukta nyekundu zinatembea. Nyunyiza dawa ya unga ya wadudu wa kuku siku chache kabla ya kumwekea mayai halisi, choma nyasi za zamani, na muachie sehemu ya majivu na vumbi karibu na chakula. Wengi vijijini wanatandika majani ya mwarobaini au tumbaku kavu chini ya nyasi.

Pili, kideri, yaani mdondo. Hakuna ujanja wa kulea utakaokusaidia mdondo ukipita. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, inavumilia joto kuliko zile za zamani, na ni tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Chanja matetea kabla hawajaanza kulalia. Vifaranga waanze wiki ya kwanza, halafu wafuate ratiba ya kundi. Ndui nayo ina chanjo yake ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa, ulizeni ofisi ya mifugo ya kata.

Tatu, ukikusanya vifaranga 25 chini ya mama mmoja, umekusanya na kinyesi cha vifaranga 25. Kuhara damu kunapenda unyevu. Maranda au pumba zilizolowa karibu na chombo cha maji zitolewe kila siku. Chombo cha maji kiwe na kokoto ndani ili kifaranga asizame.

Na kwa dada wa Tanga: wa dukani na wa nyumbani hawajakutana na vijidudu vile vile. Uliza muuzaji amewachanja nini na lini, uandike, usichanje mara mbili kwa kubahatisha.

MamaChotara

Jamani mimi nina Kuroiler, wanataga vizuri ila hakuna hata mmoja anayelalia. Wana kasoro?

MfugajiManyoni

Hawana kasoro dada. Kuroiler na Sasso ni kuku waliochaguliwa vizazi kwa vizazi kwa ajili ya nyama na mayai, na kuku anapolalia hatagi, kwa hiyo tabia hiyo ilipunguzwa makusudi. Chukua mayai yao, uwe na jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10, umwekee kuku wa kienyeji alalie. Mayai yao ni makubwa, kwa hiyo punguza idadi: pale ungeweka 12 ya kienyeji, weka 9 au 10. Ujue tu kwamba watoto watakaotoka hawatafanana na wazazi kwa ukuaji wala utagaji, wanagawanyika kila mmoja njia yake. Ukitaka wale wale, rudi kununua vifaranga.

Mtoto_wa_Mtende

Nawasalimu kutoka Unguja. Mmesema vyote ila hamjasema kunguru. Hawa kunguru weusi wa shingo ya kijivu waliletwa kutoka India miaka ya 1890 kwa ajili ya kusafisha mji, leo wanasafisha mabanda yetu. Mwewe kuku anamuona juu, anawaita wanawe wanaingia chini ya mti. Kunguru anatua chini, anatembea kama mgeni wa heshima, wawili wanamshughulisha mama mbele na wa tatu anachukua nyuma. Kuku mwenye vifaranga 25 ndiye mwathirika mkubwa, hawezi kuwaziba wote.

Dawa yangu ni wavu juu, pande zote, wiki tatu za mwanzo. Asiye na wavu afunike vifaranga kwa tenga kubwa, mama awe humo humo, na tenga lihamishwe kila siku wapate majani mapya. Mchana wa jua kali tenga liwe kivulini, vifaranga wanakufa kwa joto haraka kuliko mnavyodhani.

BintiPongwe

Mrejesho wakuu. Nilimrudisha kuku kwenye mayai, nikamwacha atimize. Juzi usiku nimemwekea vifaranga wa viota vingine pamoja na chotara wapya wa siku moja, kwa mkono wa nyuma kama ulivyosema. Amepokea wote isipokuwa mmoja mweupe, huyo kila akisogea anapigwa. Wengine njano hana shida nao. Mbona huyu?

MfugajiManyoni

Hongera dada. Hapo kuku ana akili zake. Kama wote walioingia usiku ule wana rangi za kufanana, mmoja wa tofauti anaonekana. Mwenye uzoefu wa kulea rangi nyingi hajali, huyu wako ni mara yake ya kwanza. Usijaribu kumlazimisha mchana. Mpeleke chini ya kuku mwingine anayelea, usiku, na kama huna, boksi na taa pamoja na wenzake wawili ili asilie peke yake.

Shamba_Kilifi

Kwetu wazee humpaka mama na watoto majivu wote wawe rangi moja. Sijui kama ni majivu yafanyayo kazi ama ni lile giza.

MamaChotara

Swali la mwisho na mimi. Wanatengwa na mama lini ili arudi kutaga?

AfisaUgani_Mstaafu

Tazama manyoya, siyo kalenda peke yake. Sehemu za joto wiki ya nne wengi wana manyoya ya kutosha mgongoni na kwenye mbawa. Nyanda za juu kama Njombe au Mbulu subiri ya sita, au uwe na chanzo cha joto. Mama mwenyewe anaanza kuonyesha: anawadonoa wakisogelea chakula chake, anarudi kutembea na jogoo, jioni anataka kupanda kichanjani badala ya kulala nao chini.

Unapotenga, anayehamishwa ni mama. Vifaranga wabaki kwenye banda wanalolijua, chakula na maji yakiwa palepale. Mama apelekwe asikosikia sauti zao.

MamaChotara

Na wakilia usiku kucha?

AfisaUgani_Mstaafu

Watalia siku mbili. Hakikisha hakuna upepo unaopita chini ya mlango, ziba kona kwa nyasi wasirundikane na kukandamizana, komea mlango kwa ajili ya kicheche, kalale.